Maji ya Fermín

Siku ya tano ya rozari Obdulia alimuuliza mumewe swali lilelile kwa mara ya tano, safari hii akiwa amejaa unga wa mahindi hadi kwenye viwiko.

"Alikunywa maji?"

"Alikunywa."

"Saa ngapi?"

"Obdulia, shambani nani anaangalia saa?"

"Wewe una saa. Nilikununulia mimi."

Eleuterio Zamarripa akaendelea kupanga viti vilivyoazimwa shuleni. Saa kumi na moja jioni watu wa El Tepozán wangeanza kuingia kusali, na hakuna hata mmoja ambaye angetoka bila kahawa na mkate mtamu mkononi. Siku tisa za kumwombea marehemu ni siku tisa za kulisha watu, na wapo miongoni mwetu wasiokosa rozari hata moja, wawe walimjua marehemu au hawakumjua.

"Saa nne," akasema hatimaye. "Alikunywa vikombe viwili."

Huo ulikuwa uongo, tena aliusema vibaya kwa kuwa hakuwa na mazoea nao. Siku ile maji yalikuwa upande wa pili wa shamba, kwenye trekta, na nyapara alikuwa amekwishatangaza kwamba mtu atakayeacha mstari wake kabla ya kuumaliza aunganishe moja kwa moja kwa miguu mpaka Meksiko. Hakuna aliyeuacha. Fermín, mdogo wake Obdulia, alikufa saa saba mchana katikati ya tumbaku ya Carolina, kule Marekani, akiwa na miaka thelathini na mmoja na mikono iliyojaa utomvu mweusi ambao hata waosha maiti hawakuweza kuutoa.

Eleuterio alirudi na jeneza. Tajiri wa shamba, Mister Dwight, alimlipia tiketi ya ndege, akasema si vizuri kijana asafiri peke yake. Hapa kijijini watu walimsifu tajiri kwa huruma yake. Hawakujiuliza kwa nini mtu aliyekuwa amempakata Fermín kichwa ndiye aliyeondolewa upesi hivyo, siku moja kabla ya wakaguzi wa serikali kufika shambani.

Wanaume wetu huondoka Machi kwa mkataba na kurudi Novemba. Mkataba ni wa shamba moja na tajiri mmoja. Ukikosana naye huna ruhusa ya kuvuka barabara kumwomba kazi jirani yake. Na kama jina lako litakuwa kwenye orodha ya mwaka ujao au halitakuwa, hilo ni la nyapara. Nyapara wetu ni Leobardo Cuéllar, mzaliwa wa hapahapa, naye ndiye baba wa ubatizo wa binti pekee wa Eleuterio, kwa hiyo wawili hao huitana compadre. Nusu ya watoto wa Tepozán wamebatizwa wakiwa mikononi mwa Leobardo. Msidhani ni kwa ajili ya utakatifu wake. Mtu wa hapa anaweza kumtukana padri na akalala usingizi, lakini mwenye orodha humsalimia kwa kuvua kofia.

"Vikombe viwili," Obdulia akarudia, huku akimtazama. Kisha akarudi kwenye unga wake, maana wageni hawangoji.

*

Ijumaa, siku ya saba, simu ilipigwa kutoka Carolina. Alikuwa Wakili Solís, mwanamke kijana wa ofisi inayowatetea wafanyakazi bure, anayeongea lugha yetu kama watoto waliozaliwa upande ule, kwa adabu nyingi kupita kiasi. Obdulia aliiweka simu kwenye spika juu ya mtungi uani. Ndani, mama yake, Doña Encarna, alikuwa amesinzia kwenye kiti kando ya msalaba.

Msalaba huo ulichorwa kwa chokaa sakafuni pale jeneza lilipokuwa, na usingeguswa mpaka siku ya tisa. Doña Encarna alikuwa hataki kuondoka hapo hata kwa chakula. Sindano zake za sukari Obdulia alikuwa akimfuata nazo kitini.

"Bwana Eleuterio," alisema wakili, "hospitali wameandika kwamba moyo ulisimama."

"Kuna maiti gani ambaye moyo wake unapiga?" Obdulia akauliza.

"Ndiyo maana nahitaji mtu aliyekuwapo. Ikithibitika kwamba ni joto na kazi, mama wa marehemu atalipwa fidia kila wiki, kwa miaka. Isipothibitika hana chake. Wenzako kumi na wawili nimewapigia wote. Wote wanasema walikuwa wamegeukia upande mwingine."

"Watu kumi na wawili wote waligeukia upande mwingine," Obdulia akasema. "Huko kulikuwa na nini, sarakasi?"

"Nitapiga tena Jumatatu saa tatu asubuhi," wakili akaendelea. "Kauli yako itarekodiwa. Sitakuficha, bwana Eleuterio, kuna watu wamesema wakaondolewa kwenye orodha. Kisheria ni kosa, lakini hufanyika."

"Nitafikiri," Eleuterio akasema.

Simu ilipokatika, Obdulia aliichukua akaifuta kwa aproni, ingawa haikuwa na vumbi.

"Unafikiri nini?"

"Nikisema, sirudi. Na si mimi tu. Hakuna mwenye jina letu atakayerudi. Araceli amebakiza miaka miwili chuoni. Mama na dawa zake. Tutakula mawe?"

"Mawe tumeshakula. Yule alikuwa ndugu yangu, Eleuterio. Mimi ndiye niliyekwambia mwaka ule, mchukue uende naye, mwangalie. Kwa mdomo wangu huu." Akaikunja aproni. "Mimi sikuulizi habari za chuo. Nakuuliza uliona nini."

Eleuterio akajifanya hamnazo, akaenda kuwatilia mbuzi maji.

Jioni hiyo kabla ya watu kuja, Obdulia alimpigia wakili peke yake nyuma ya nyumba. Alitaka kujua jambo moja tu: je, mdogo wake angeweza kupona? Wakili akasita, kisha akasema ndiyo. Watu wa namna ile hupona wakimwagiwa maji ya barafu mwili mzima, mapema, palepale, hata kabla ya gari la wagonjwa kufika. Obdulia alishukuru, akakata simu. Jibu lile alilificha moyoni kama mtu anavyoficha kisu, na alikuwa amemwekea Leobardo.

*

Leobardo alifika Jumamosi adhuhuri, amepata ruhusa ya siku tatu. Alishuka kwenye pikapu akiwa na kofia mpya, gunia la sukari, madumu mawili ya mafuta ya kupikia, na shada la maua lenye utepe ulioandikwa kwa rangi ya dhahabu: Kutoka kwa Familia Yako ya Kazini. Vitu vyote hivyo alivipitisha mlango wa mbele, polepole, majirani wakiona. Obdulia alilazimika kusema ahsante mara tatu, kwa kila kitu ahsante yake.

Kwa Doña Encarna alipiga magoti. Akaubusu mkono wake, akalia, tena kweli. Alikuwa amemjua Fermín tangu hajaota meno. Kisha akaomba awe baba wa msalaba, yaani kesho jioni awe yeye wa kuikusanya ile chokaa kwa sala na kuipeleka kaburini. Mwenye kufanya hivyo huwa ndugu wa nyumba hiyo mpaka kufa.

"Umetuheshimu, Leobardo," alisema bibi kizee. "Fermín alikuwa akikusifu."

"Alikuwa mwanangu, Doña. Mwanangu kabisa."

Obdulia akaingia jikoni akalivunja jagi, labda kwa bahati mbaya.

Baadaye Leobardo alimshika compadre wake bega, akamtoa nje mpaka kwenye zizi la mbuzi.

"Umekonda, compadre. Mtu akikuona atadhani wewe ndiye uliyezikwa."

"Sina hamu ya chakula."

"Utaipata. Machi jina lako litakuwa la kwanza. Na safari hii huinami tena, unapanda trekta. Nimeshaongea na Mister Dwight. Kasema, Eleuterio, mtu mzuri, mtu kimya." Alicheka kidogo, kisha akatoa bahasha chini ya shati. "Kuna karatasi tu. Kesho asubuhi unasaini, mama naye anaweka dole gumba hapa kwamba kapokea rambirambi ya dola elfu mbili na hana dai. Mimi naipitisha mjini igongwe muhuri, Jumatatu napanda ndege. Basi."

"Inasemaje?"

"Inasema maji yalikuwa karibu. Mapumziko yalikuwapo. Na kwamba usiku wake kijana alikuwa amekunywa, akaficha kuwa hajisikii vizuri."

"Fermín alikuwa hanywi."

"Kila mtu hanywi mpaka anywe."

Eleuterio aliwatazama mbuzi. "Na nisiposaini?"

Leobardo akavua kofia, akaikagua ndani kama anayetafuta kitu.

"Basi na mimi nitasema, compadre. Nitasema nilileta pipa zima la maji ya barafu kwenye pikapu. Nililiinua kwa mikono yangu hii. Na nitasema nani aliisukuma. Obdulia anajua? Bila shaka hajui. Ungemwambia, usingekuwa unalala humu ndani."

Ilikuwa kweli.

Asubuhi ya siku ile umande ulikuwa mzito, na tumbaku yenye umande humwingiza mtu sumu kupitia ngozi. Kwa hiyo walitoboa mifuko myeusi ya taka, wakaivaa kama mashati. Kufikia saa tano jua lilikuwa limekausha kila kitu, lakini kuvua mfuko ni kupoteza muda, na Leobardo alikuwa nyuma yao akipiga kelele kwamba trela halijajaa. Fermín alianza kuongea ovyo. Alimwita Eleuterio mama. Kisha akakaa chini kati ya matuta, ngozi kavu, ikiwaka. Nyapara akasema aachwe apumzike dakika tano, wengine waendelee. Ilipita nusu saa. Nyapara alikuwa akimpigia tajiri kuomba ruhusa ya kuita gari la wagonjwa, na tajiri hapokei. Mwisho alipoona kijana ameanza kutetemeka mwili mzima, roho ikamruka, akawasha pikapu, akaenda mbio kwenye trekta, akarudi na pipa limejaa barafu.

"Mvueni!" alipiga kelele. "Mmwagieni!"

Eleuterio ndiye aliyemrukia nyapara, akaushika mkono wake, akausukuma. "Utamuua! Huoni bado anawaka?"

Sisi wa Tepozán tumelelewa hivyo. Mwili uliochemka haupewi maji baridi, la sivyo mishipa hukaza na mtu akaondoka. Mwanamke aliyetoka kupiga pasi hafungui friji mpaka mikono ipoe. Mwanamume aliyetoka kuvuna haogi mpaka jua litue. Wale kumi na wawili wote walikubali kwa kichwa. Hakuna aliyemwona Eleuterio amekosea, na huenda ndiyo sababu nyingine iliyowafanya baadaye waseme waligeukia upande mwingine. Wakamfunika Fermín kwa jaketi ili apoe polepole. Leobardo pekee ndiye aliyekuwa amefunzwa. Manyapara huonyeshwa filamu kila mwaka kuhusu joto, wafanyakazi wa kawaida hutia tu saini kwamba wameiona. Alisimama na pipa lake, akawatazama, akaona wengi wamekataa, akalirudisha kwenye pikapu.

Watu wa gari la wagonjwa, lililoitwa mwishoni, walipofika, kitu cha kwanza walichofanya ni kulitupa lile jaketi na kumjaza Fermín barafu kwapani na shingoni. Hapo ndipo Eleuterio alipoelewa. Fermín alikuwa amekwishakata roho.

"Fikiri, compadre," alisema Leobardo pale zizini, akavaa kofia yake. "Sisemi kwa ubaya. Tusaidiane tu."

*

Jumapili asubuhi karatasi iliwekwa juu ya meza ya jikoni, na kidau cha wino kando yake kwa ajili ya dole gumba. Leobardo alikuwa amekunywa kahawa, amekula maharage na tortila nne za mahindi, amesifu pilipili. Doña Encarna aliletwa kutoka chumbani, akakalishwa.

"Inasema nini?" aliuliza. Hakujua kusoma.

"Mambo ya serikali tu, Doña. Ya kumaliza."

Obdulia akaivuta. "Mimi najua kusoma."

Alisoma kwa sauti, polepole, neno baada ya neno, kama mtoto aliyepewa adhabu. Alipofika mahali pa maji alimtazama mumewe, akaendelea. Alipofika mahali pa ulevi akasimama, akapasoma tena.

"Nani alikuwa amelewa?" Doña Encarna akauliza.

"Fermín, mama. Ndivyo ilivyoandikwa."

Bibi kizee aliingiza mkono kifuani, akatoa kikadi chenye picha ya Bikira, kimelainika kwa jasho. Nyuma yake palikuwa na saini ya padri na kiapo: Fermín Olvera hatagusa pombe kuanzia Januari mpaka Desemba. Wanaume wetu huapa hivyo, na wengi huhesabu siku kama wafungwa. Aliiweka kadi ile juu ya karatasi.

"Aliniachia mimi nimtunzie," akasema. "Alisema huko isije ikalowa."

Leobardo akakohoa. "Doña, ni maneno ya mawakili. Hayana maana."

"Kama hayana maana, yafute."

"Hayafutiki. Eleuterio, mwelezee mama."

Hapo Eleuterio alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekesha akijiambia atasaini; alikuwa amejikaza kisabuni tangu alfajiri, hata kalamu alikuwa nayo mfukoni. Lakini aliiona kadi ile, akamkumbuka Fermín kambini Jumamosi jioni, wenzake wakimtania na bia, naye anakunywa soda ya machungwa huku akiona haya.

"Hakulewa," alisema. "Na maji yalikuwa mbali. Yalikuwa kwenye trekta, mwisho wa shamba, na huyu alitukataza kuacha mistari. Fermín hakunywa maji tangu asubuhi. Nimekudanganya, Obdulia. Siku zote hizi tisa nimekudanganya."

"Compadre," Leobardo akasema taratibu.

"Alikaa chini nusu saa. Nusu saa nzima, sisi tunaendelea kukata majani, huyu anabembeleza simu."

"Basi malizia!" Leobardo alisimama, kiti kikaanguka. "Unaanza unaachia njiani? Waambie habari ya barafu! Waambie nani alinizuia!"

Obdulia, ambaye alikuwa amefungua mdomo amrushie Leobardo lile jibu la wakili, aliufunga. Akamgeukia mumewe.

"Barafu gani?"

Eleuterio aliwaambia. Hakuruka kitu. Pipa, mkono, jaketi. Alipofika kwenye jaketi aliongea kwa sauti ndogo kiasi kwamba Doña Encarna ilimbidi ainame mbele.

Obdulia alimtazama kana kwamba ameambiwa mtu huyu si mumewe, ni mwingine wa kufanana naye. Yeye alijua barafu ingefanya nini, na kwa uso wake Eleuterio akajua kwamba anajua.

Aliyesema wa kwanza alikuwa bibi kizee.

"Huyu alitaka kummwagia mwanangu barafu? Akiwa anawaka?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukamzuia."

"Nilimzuia."

"Mungu akubariki, mwanangu." Alinyoosha mkono, akamshika Eleuterio kiganja, akakiweka shavuni kwake. "Mungu akubariki. Angalau mmoja alikumbuka nilivyowalea." Kisha akamgeukia Leobardo. "Kumbe ni wewe. Unakuja hapa unanibusu mkono. Unaomba msalaba wa mtu uliyetaka kumuua kwa barafu!"

"Doña, sikiliza, barafu ndiyo inge..."

"Toka!" Obdulia alipiga kelele. Alikuwa amenyanyua gunia la sukari lenyewe, sijui alipata wapi nguvu. "Usimalizie hilo neno. Toka, na vitu vyako!"

Leobardo aliwatazama wote watatu. Alichukua kofia, akachukua karatasi, akaacha kadi. Kwa mara ya kwanza katika jambo hili lote alikuwa anafukuzwa kwa kosa ambalo hakulifanya.

*

Jioni msalaba ulikuwa hauna baba. Doña Encarna akasema Eleuterio ndiye anayestahili, na nani angembishia mama mwenye msiba? Kwa hiyo alipiga magoti mbele ya kijiji kizima, akaikusanya chokaa kwa brashi ndogo, kwanza kichwa, kisha mikono, kisha miguu, wanawake wakiimba. Machozi yalimdondoka yakaivuruga chokaa. Watu wakasema, tazameni alivyompenda shemeji yake. Obdulia alikuwa jikoni anamimina kahawa, na hakutoka.

Walipobaki wawili uani, wanaosha vikombe, Obdulia aliongea na mumewe bila kumtazama.

"Kesho utamwambia wakili maji yalikuwa mbali. Utamwambia ile nusu saa."

"Na barafu?"

Alisugua kikombe kimoja muda mrefu. "Mama asisikie. Ukimaliza miaka yako yote duniani, mama asisikie hilo."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshasikia," akasema, akampa kisogo.

Jumatatu saa tatu walipanga kwenda kupokelea simu kule zizini. Lakini Doña Encarna alikuwa ameshaamka, amesuka nywele, amejifunga mtandio mweusi, ameketi uani kando ya mtungi. Alisema ni habari ya mwanawe, na hatachukuliwa tena kama gunia, anakalishwa, anainuliwa. Obdulia alimbembeleza aingie ndani. Hakutaka. Simu ikalia.

Eleuterio alijitambulisha, akaeleza. Safari hii aliongea vizuri. Wakili alimwuliza mara mbili kama anaelewa kwamba huenda asirudi tena kazini, akajibu anaelewa.

"Kuna jambo moja," wakili akasema. "Nyapara ameshaandika kauli yake leo alfajiri, ameituma kwa simu. Anasema alileta maji ya barafu, wewe ukamzuia. Ni kweli?"

Obdulia akanyoosha mkono kuikata simu. Mama yake akaushika mkono ule.

"Mwache aseme. Sema, mwanangu, usiogope. Ulimkinga na barafu."

"Ni kweli," Eleuterio akasema.

"Nani anaongea hapo?" wakili akauliza, lakini hakungoja jibu, alikuwa akiandika, alikuwa na haraka, na alikuwa kijana. "Basi tutalijibu hivi. Ni kweli barafu ingemponya, madaktari wote watasema hivyo, lakini kujua hilo ilikuwa kazi ya nyapara. Yeye ndiye aliyefunzwa. Nyinyi kuna aliyewafundisha shambani la kufanya mtu akizidiwa na joto?"

"Hapana. Tulitia saini tu."

"Sasa hili la kwamba maji baridi yanaua, bwana Eleuterio, ulilitoa wapi? Nani alikwambia?"

Kuku walikuwa wakichakura chini ya mtungi. Obdulia alikuwa amefunika uso kwa aproni.

"Bwana Eleuterio? Upo?"

"Ni mimi," alisema Doña Encarna.

"Samahani, wewe ni nani?"

"Encarnación Olvera. Mama yake Fermín." Aliisogelea simu kama mtu anayeongea na kiziwi. "Huyu mkwe wangu hana mama, alikulia mkononi mwangu. Nilimfundisha yeye, nikamfundisha na marehemu. Andika jina langu. Umeandika?"

Kisha wakili alisema ameandika, akaomba msamaha, akaomba tena, akasema atapiga siku nyingine. Simu ikazimika.

Hakuna aliyeinuka. Jua lilikuwa limefika kwenye kiti cha bibi kizee, na Obdulia alitaka kumsogeza kivulini, akakataa kwa kidole.

"Lile pipa," alimwambia Eleuterio. "Lilikuwa limejaa?"

"Lilikuwa limejaa, mama."

"Barafu tupu?"

"Barafu na maji. Mpaka juu."

"Mpaka juu," akasema Doña Encarna, akabaki palepale juani mpaka saa nane, Obdulia alipomletea chakula, naye hakukigusa.